Shokomzoba za Kurekebishwa na Tatizo la Vitenzi "Kaza" na "Legeza"

Mfasiri akipewa kijitabu cha ufundi wa magari, mara nyingi hudhani kuwa kazi kubwa ni kutafuta majina ya vipuri. Kwa kweli mengi ya majina hayo mafundi wanayo tayari: springi, bushi, nati, bolti, jeki, shokomzoba. Matatizo huanza kwenye vitenzi na vivumishi. Katika makala hii tutalichunguza jambo hilo kwa mfano mmoja, yaani kufunga shokomzoba za kurekebishwa kwenye stesheni wagoni ya kasi iliyoshushwa.

Tuchukue Volvo 850. Mwaka 1994 stesheni wagoni za aina hiyo ziliingizwa katika mashindano ya magari ya Uingereza, zikiendeshwa na Rickard Rydell na Jan Lammers, jambo lililowashangaza waliozoea kuliona gari la namna hiyo likibeba watoto na mizigo. Mwenye gari kama hilo akitaka litulie zaidi kwenye kona, hufunga springi fupi na ngumu zaidi, bodi ikashuka kwa sentimeta 3 au 4. Hapo shokomzoba za kiwandani huanza kushindwa. Springi mpya hurejea kwa nguvu kubwa kuliko ile zilizotengenezewa, na nafasi ya kubonyea imepungua. Kwa hiyo mwenye gari hununua shokomzoba nyingine, ambazo ukinzani wake waweza kurekebishwa.

Kazi ya kifaa

Neno shokomzoba tumelipata kutoka Kiingereza, ambako maana yake ni kifaa cha kumeza mshtuko. Jina hilo linapotosha. Mshtuko wa shimo au tuta hupokewa kwanza na tairi na springi. Springi ikiisha kubonyezwa hurejea, hupita kiasi, hubonyea tena, na gari likabaki linanesa. Kazi ya shokomzoba ni kuuzima mneso huo. Ndani yake mna pistoni iliyo katika mafuta. Pistoni ikienda, mafuta hulazimika kupenya katika vali nyembamba, na nguvu ya mneso hugeuka kuwa joto. Wafaransa hukiita kifaa hiki *amortisseur*, jina linalotokana na dhana ya kufisha, nao wameikaribia zaidi kweli.

Tofauti ya vifaa hivi viwili yaonekana jikoni. Ukikoroga uji mzito polepole, mwiko hupita. Ukiharakisha, uji hukataa. Ukiuachia mwiko, uji hauurudishi. Hiyo ndiyo tabia ya shokomzoba: hukinza kadiri ya mwendo. Springi hukinza kadiri ilivyobonyezwa, hata kama haiendi popote. Kwa hiyo tukisema "springi ngumu" na "shokomzoba ngumu" tunatumia kivumishi kimoja kwa sifa mbili. Inafaa springi iachiwe *ugumu*, na shokomzoba ipewe *ukinzani*.

Tena ukinzani una pande mbili: upande wa kubonyea, gurudumu linapopanda, na upande wa kurejea, linaposhuka. Shokomzoba za rangi ya manjano za kampuni ya Koni ya Uholanzi, kwa mfano, hurekebishwa upande wa kurejea peke yake. Mfasiri akiandika "rekebisha ugumu" tu, msomaji hawezi kujua ni upande upi. Kosa hilo lina matokeo. Ukinzani wa kurejea ukizidi, springi haiwahi kunyooka kabla ya shimo linalofuata. Gari huendelea kushuka mpaka likagonga raba za kikomo, na dereva akazilaumu springi zisizo na kosa.

Maneno yenye hatari

Fundi husema "kaza" kwa nati, na pia kwa kuzidisha ukinzani. Husema "legeza" kwa kufungua nati, na pia kwa kupunguza ukinzani. Katika mazungumzo ya gereji hakuna tatizo, kwa kuwa mkono huonyesha kile ambacho kinywa hakikusema. Katika maandishi hakuna mkono. Kwenye shokomzoba nyingi za mbele, kirekebisho kiko juu kabisa ya fimbo ya pistoni, karibu na nati inayoishikilia springi iliyobonyezwa. Maelekezo yanayosema "legeza shokomzoba kwa juu" yaweza kumfanya mwanafunzi afungue nati hiyo kabla springi haijafungwa kwa vibano vyake. Springi huruka, na yaweza kuua.

"Kaza" ina tatizo jingine. Bolti zinazopita katika bushi za raba hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Zikikazwa hapo, gari likishushwa raba hubaki imesokotwa, na hupasuka mapema, hasa kwenye gari lililoshushwa. Maelekezo sahihi yana hatua mbili, nasi tunalo neno la hatua ya kwanza kutoka kwa mafundi cherehani: *kushikiza*. Bolti hushikizwa kwanza. Gari likiisha kusimama kwa magurudumu yake, hukazwa.

Baada ya kufunga, magurudumu hunyooshwa upya. Kisha kirekebisho huanzia kwenye ukinzani mdogo, kushoto na kulia sawasawa, na huzidishwa kidogo kidogo kwa kupita barabara ile ile. Kwa kuwa stesheni wagoni hubeba mizigo, ukinzani wa nyuma upimwe gari likiwa na mzigo wake wa kawaida.

Mapendekezo

*Kizimamneso*: kifaa kinachozima mneso wa springi. Neno limeundwa kwa mfano wa kizimamoto. Shokomzoba libaki kuwa neno la gereji.
*Ukinzani wa mbonyeo* na *ukinzani wa mrejeo*: pande mbili za kazi ya kizimamneso.
*Kuzidisha* na *kupunguza*: kwa ukinzani peke yake.
*Kushikiza*, *kukaza* na *kulegeza*: kwa nati na bolti peke yake.

Kuna jambo moja la kuangaliwa. Baadhi ya stesheni wagoni za Volvo 850 zilifungwa nyuma vizimamneso viitwavyo Nivomat, ambavyo hujisawazisha na kubeba sehemu ya mzigo, nazo springi zake ni laini zaidi. Anayeviondoa lazima abadilishe na springi. Hapa fasili yetu haitoshi, nasi tunawaomba wasomaji, hasa walimu wa ufundi, wapendekeze jina la kifaa hicho.

Istilahi nyingine zaweza kungoja vikao. Lakini mfasiri aliye na kijitabu mezani leo na asisubiri: kila anapotaka kuandika "kaza" au "legeza", ajiulize ni kitu gani hasa kinachokazwa au kulegezwa, kisha akitaje kwa jina.