Unene Unaobaki Usiku: Sayansi ya Kijazo cha Mfarishi

Wanawake wa Gee's Bend, kijiji kilichokumbatiwa na kona ya mto Alabama kusini mwa Marekani, hawakuwa na duka la kuchagulia kijazo. Waliokota pamba chafu iliyobaki sakafuni kwenye mashine za kuchambulia, wakaitandaza na kuichapa kwa fimbo mpaka takataka zitoke na nyuzi zifumuke. Juu yake waliweka viraka vya nguo za shamba zilizochakaa, chini wakatia bitana, mara nyingi ya magunia, kisha wakashona tabaka zote tatu pamoja. Mwaka 1942 Missouri Pettway, mjane wa kijijini hapo, alishona mfarishi mzima kwa nguo za kazi za marehemu mumewe. Miaka 60 baadaye mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa ukutani kama michoro, Houston kwanza, halafu New York katika jumba la makumbusho la Whitney, na watu wakapanga foleni kutazama rangi na maumbo. Pamba iliyochapwa haikuonekana. Na hiyo ndiyo iliyowalaza watoto katika vibanda vya mbao ambavyo kuta zake zilibandikwa magazeti ili upepo usipite.

Zile fimbo zilikuwa zikiingiza hewa. Pamba iliyoshikamana ina nyuzi nyingi na hewa kidogo. Ikichapwa, nyuzi zilezile huchukua nafasi kubwa zaidi. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana, takriban wati 0.026 kwa mita kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti, ilhali unyuzi wenyewe, uwe wa pamba, wa kondoo au wa plastiki, hupitisha mara kadhaa ya hapo. Tatizo la hewa ni kutotulia. Ikipata nafasi pana huzunguka: iliyopashwa na mwili hupanda, ya baridi hushuka kuchukua mahali pake, na joto limekwenda. Unyuzi umewekwa pale kuikamata hewa katika vijinafasi vidogo isiweze kutembea. Kijazo kizuri, cha aina yoyote ile, huishia kwenye kipimo cha 0.04 au chini kidogo. Kwa hiyo muuzaji anayesema kijazo chake "kina joto" kuliko cha jirani, kwa unene uleule, anapiga chumvi. Tofauti iko kwenye unene wenyewe, na zaidi kwenye unene unaobaki baada ya kushonwa, kulaliwa na kufuliwa.

Hilo linaweza kupigiwa hesabu. Waingereza hupima matandiko kwa togi, kipimo kilichotokana na utafiti wa nguo mjini Manchester katika miaka ya 1940. Sentimita moja ya kijazo kilichotulia vizuri ni kama togi 2.5. Mfarishi mwepesi wa majira ya joto madukani Uingereza huwa na togi 4.5, na mzito wa baridi 13.5. Sasa chukua chumba cha Makete au Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mwezi wa Julai, hewa ndani ikiwa nyuzijoto 10. Ngozi chini ya shuka ina nyuzijoto 33 hivi. Mtu mzima aliyelala hutengeneza joto la wati 70, na sehemu yake inatoka kwa pumzi. Ukichukua mita moja ya mraba ya mwili iliyofunikwa na mfarishi wa sentimita moja, joto linalopenya ni wati 92. Linalotoka linazidi linalotengenezwa, na mtu ataamka magoti yamefika kidevuni. Ongeza unene uwe sentimita mbili, zinabaki wati 46, na usingizi unarudi. Hesabu hii ni ya haraka, imeacha nguo za kulalia na ile hewa iliyonaswa kati ya mwili na shuka, lakini inaonyesha kwa nini watu wa Gee's Bend walilundika mifarishi mitatu au minne badala ya kutafuta mmoja wa ajabu.

Inaonyesha pia jambo ambalo washonaji wengi hawapendi kulisikia. Kila mstari wa mshono hukandamiza kijazo mpaka kiwe chembamba kama kitambaa, na hapo ndipo joto linapopata njia. Mfarishi uliojaa mishono ya kupendeza, mstari kwa mstari, ni baridi kuliko uleule ulioshonwa kwa nafasi. Kwa matandiko ya nyanda za juu mimi ningetoa mhanga nusu ya urembo bila kusita.

Lakini kuna kikomo, na kikomo hicho kinategemea kijazo. Pamba safi iliyochanwa tu, bila kitu cha kuishikilia, itajikusanya pembeni baada ya kufuliwa mara chache kama mistari imeachana zaidi ya vidole vinne au vitano. Ndiyo maana viwanda huichoma kwa sindano zenye vishikizo zinazosuka nyuzi ndani kwa ndani, au huipa wavu mwembamba wa plastiki. Kijazo cha namna hiyo huweza kuachiwa nafasi ya sentimita 20 na zaidi. Ubaya wake, wavu huo hukataa sindano ya mkono. Ni wa watu wa cherehani.

Pamba ina sifa nyingine ambayo maduka hayaitangazi: inalala. Unyuzi wake hauna nguvu ya kuinuka tena ukikandamizwa, hivyo mfarishi wa pamba ulioanza na sentimita moja unaweza kuishia na nusu yake, na togi zake zikapungua vilevile. Ikifuliwa mara ya kwanza husinyaa kwa asilimia 3 hadi 5, na kuacha ile mikunjo midogo ambayo wengine huipenda sana. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, ambako mtu anataka uzito kidogo juu ya mwili kuliko joto, pamba nyembamba inatosha na haina mpinzani.

Sufu ya kondoo ni habari nyingine. Kila unyuzi umejipinda kama springi, na ukiondoa uzito hurudi juu. Kati ya mistari ya mishono inafumuka tena na kujaza hewa. Isitoshe hunywa mvuke: katika hewa ya kawaida hubeba maji kama asilimia 16 ya uzito wake, pamba 8, poliesta chini ya nusu ya asilimia moja. Hapa ndipo raha inapotengana na joto. Mwili hutoa unyevu usiku kucha hata bila jasho kuonekana, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Chini ya poliesta nene mtu hupata joto, halafu unyevu, halafu ubaridi, halafu anatupa mfarishi miguuni saa nane za usiku. Sufu huuhifadhi ule unyevu ndani ya unyuzi na kuuachia polepole asubuhi. Sindano ya mkono huipenda. Bei yake ndiyo kikwazo, pamoja na nondo na maji ya moto, ambayo huigandisha ikawa kipande kigumu.

Poliesta, iliyobuniwa Uingereza mwaka 1941 na John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, ndiyo rahisi kupatikana. Nyepesi, hukauka upesi, hailiwi na nondo, na mpya inasimama vizuri. Kasoro yake kubwa, mbali na unyevu, ni kwamba nyuzi zake laini hupenya kitambaa na kuota nje kama ndevu. Juu ya kitambaa cheusi huonekana kama ukungu. Karibu na mshumaa au jiko la mkaa, huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Sufu ndiyo ngumu kushika moto kuliko zote.

Na sufi ya mti? Anayeishi pwani ameshaiona ikipeperuka kutoka kwenye misufi iliyopandwa kando ya barabara, na wengi wamelalia mto wake. Kwa mtazamo wa fizikia ni kitu cha ajabu: unyuzi wake ni mrija mtupu, sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa, na nje una nta inayokataa maji. Kwa sababu hiyo ilijaza maboya ya kuokolea watu baharini kabla ya povu la viwandani. Huko Sudan, enzi za dola ya kiongozi wa dini aliyeitwa Mahdi, ilijazwa ndani ya deraya nzito za vitambaa za kukinga askari na farasi. Kama kijazo cha mfarishi, hata hivyo, inasumbua. Ni laini na haina msokoto, nyuzi haziwezi kushikana zikawa tandiko, na kitambaa chepesi huivujisha. Anayetaka kuitumia ashone vifuko vidogo vya kitambaa kizito, aijaze kifuko kwa kifuko, na asahau habari ya kufua.

Kwa mtoto mchanga chini ya mwaka mmoja swali la kijazo lisiulizwe kabisa. Madaktari wa watoto hushauri asilazwe na mfarishi wowote, kwa hatari ya kuzibwa pumzi.

Mnunuzi anayefika sokoni huambiwa kila kitu cheupe ni pamba. Omba kipande kidogo, kishike kwa koleo, toka nje, kiwashe juu ya sahani ya maji. Pamba huwaka mara moja, hunuka karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu husitasita, hunuka nywele zilizoungua, na moto ukiondolewa huzimika. Poliesta huukimbia mwali, huyeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Ukipata majivu laini yenye vipunje vigumu ndani yake, huo ni mchanganyiko, mara nyingi asilimia 80 pamba na 20 poliesta, na kwa mfarishi utakaofuliwa kila mwezi sina neno nao, ilimradi usiuziwe kwa bei ya pamba tupu.