Kwa nini reli ya zamani ilihitaji magenge na reli ya kisasa yahitaji mitambo

Abiria anayesafiri baina ya Mombasa na Nairobi kwa reli ya kisasa hasikii tena ule mdundo wa magurudumu uliozoeleka kwa zaidi ya karne moja. Mdundo huo ulitokana na namna reli ya kwanza ilivyotandazwa.

Wajenzi walioanza kazi Mombasa mnamo 1896 na kufika Kisumu 1901 walitumia vyuma vyenye urefu wa takriban mita 9, vilivyoungwa kwa mabamba na bolti. Kati ya chuma na chuma paliachwa mwanya mdogo, ili vipate nafasi ya kutanuka jua linapowaka. Chini yake yaliwekwa, kwa sehemu kubwa, mataruma ya chuma, maana ya mbao yangeliwa na mchwa.

Udhaifu wa mtindo huo umo katika viungo. Kila gurudumu linapopita, kiungo hugongwa, bolti hulegea na kokoto zilizo chini hutitia. Ndiposa magenge ya vibarua yaliwekwa kando ya njia, kila genge na nyapara wake na sehemu yake ya reli. Walitembea wakikaza bolti, wakiinua reli iliyozama na kushindilia kokoto kwa sururu. Makazi yao yaliitwa landi, jina ambalo lingalipo katika mtaa wa Landi Mawe, Nairobi.

Reli ya kisasa, iliyozinduliwa 2017, ina upana wa milimita 1,435 ilhali ile kongwe ina 1,000. Vyuma vyake vimechomelewa vikawa mkondo mmoja mrefu, na nguvu ya kutanuka kwake hudhibitiwa na mataruma mazito ya saruji pamoja na tuta nene la kokoto. Hapa sururu haifui dafu. Kokoto hushindiliwa na mtambo upitao juu ya reli yenyewe.

Si kweli, basi, kwamba reli ya mkoloni ilizorota kwa uzee tu. Vyuma vilivyochakaa hubadilishwa. Kilichoiponza zaidi ni kupunguzwa kwa wafanyakazi tangu miaka ya 1990: bolti zikakosa wa kuzikaza, vipuri vikaibwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Isitoshe, kilichofungwa kwa bolti hufunguka. Waandamanaji wa Kibera waliing'oa reli hiyo mwanzoni mwa 2008.

Hata hivyo, haikutupwa. Reli ya kisasa ilipokomea Suswa mnamo 2019, mkondo wa kale kutoka Naivasha hadi Malaba ulilazimika kukarabatiwa ili mizigo ya Uganda ifike mpakani.