Ndege wanarudi Ulaya na watu wanafanya sikukuu: sisi wa Mashariki inatuhusu nini?

Kila mwaka, kati ya mwezi wa tatu na mwezi wa nne, mutu anayeishi karibu na shamba ao karibu na ziwa anaweza kuona jambo moja. Wale ndege wadogo wenye mgongo mweusi unaong'aa, koo nyekundu na mkia wa panda, wenye wengi wanawaita mbayuwayu ao hirondelle, wanajipanga kwa wingi kwenye nyaya za umeme. Kisha asubuhi moja hawako tena. Hawakufa na hawakujificha. Wameshika njia ya Ulaya.

Kule wanakoenda, watu wanawangojea. Siku ya posho ya pili ya mwezi wa tano, katika inchi nyingi, wakaaji wanaamka mapema, wanatoka na watoto wao, wanaenda kwenye mabwawa na mapori kuhesabu ndege waliofika. Wanaiita Siku ya Ndege Wahamaji Duniani. Wengi kwetu huku wanaweza kujiuliza: kutazama ndege nayo ni sikukuu? Na kama ni sikukuu, inatuhusu nini sisi wenye vita, njaa na barabara mbovu? Inatuhusu, kwa sababu wale ndege wanaopokelewa kule wanatoka huku.

Sikukuu yenyewe ni nini?

Wazo lilianza Marekani mwaka 1993, wakati watafiti walipanga siku ya kufundisha watu juu ya ndege wanaosafiri. Mwaka 2006, ofisi za mikataba ya kimataifa ya kulinda wanyama wanaohama ziliifanya kuwa siku ya dunia nzima. Uzinduzi wa kwanza haukufanyika Ulaya. Ulifanyika Afrika, Laikipia, inchini Kenya, katika mwezi wa nne. Tangu 2018 siku hiyo inakumbukwa mara mbili kwa mwaka: siku ya posho ya pili ya mwezi wa tano, na siku ya posho ya pili ya mwezi wa kumi. Mara ya kwanza ni wakati ndege wako kaskazini kwa kuzaa, mara ya pili ni wakati wanateremka kuja kwetu.

Kazi ya siku hiyo si ngumu. Kikundi kinatoka mbele jua halijawa kali, kinafuata mutu anayejua ndege kwa sura na kwa sauti. Kila aina inayoonekana inaandikwa. Masomo yanaleta watoto kuchora. Watafiti wanaonyesha jinsi wanavyomshika ndege bila kumuumiza, wanampima uzito, wanamvalisha pete mguuni na kumuachilia. Kila mwaka kuna neno kubwa la kuzungumuzia: 2023 ilikuwa maji, 2024 ilikuwa wadudu, 2025 ilikuwa jinsi miji na vijiji vinavyoweza kuwa mahali pazuri kwa ndege.

Sababu gani wanaenda na kurudi?

Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku vinalingana karibu mwaka muzima: masaa 12 kwa 12. Kule kaskazini si hivyo. Wakati wa baridi mchana ni mufupi sana, wadudu wanapotea, na ndege anayekula wadudu anaweza kufa njaa. Lakini kuanzia mwezi wa tatu joto linarudi, miti inachipua, na katika mwezi wa sita inchi kama Ujerumani ya kaskazini inapata zaidi ya masaa 16 ya mwangaza kwa siku. Wadudu wanakuwa wengi, na mzazi ana muda mrefu wa kutafutia watoto chakula. Ndiyo maana ndege hawa wanazalia kule na kupitisha miezi ya baridi huku.

Safari yenyewe ni ya kushangaza. Mbayuwayu ana uzito wa karibu gramu 20, ni kusema karibu vijiko vitano vya chai vya sukari. Na uzito huo anavuka jangwa la Sahara na bahari, kisha anarudi, mara nyingi mpaka kwenye jengo lilelile alimojenga kiota mwaka uliopita. Anajiongoza kwa jua, kwa nyota, na kwa nguvu ya sumaku ya dunia ambayo sisi hatuwezi kuisikia mwilini.

Korongo mweupe, ile cigogne yenye miguu mirefu na mdomo mwekundu, anasafiri kwa akili ingine. Hapigi mabawa sana. Anapanda juu pamoja na hewa ya moto inayotoka kwenye udongo, kisha anateleza mbali. Juu ya bahari hewa hiyo haipandi vizuri, kwa hiyo korongo wanazunguka bahari ya Mediterania. Wengine wanapita Uispania wakienda Afrika ya Magharibi. Wengine wanapita Uturuki, Israeli na Misri, wanafuata Nile, na wanafika kwetu upande wa Mashariki, wengine wakiendelea mpaka kusini kabisa.

Kuna pia ndege ambaye Waingereza wanampenda sana kwa sauti yake, yule anayetagia mayai katika viota vya ndege wengine. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walianza kufunga vyombo vidogo kwenye migongo yao ili kujua wanaenda wapi. Jibu lilikuwa wazi: wakati wa baridi ndege hao wanakaa katika bonde la Mto Congo. Uingereza anakaa majuma machache tu ya kuzaa. Sehemu kubwa ya mwaka iko njiani na huku Afrika. Sasa huyo ni ndege wa nani? Wao wanasema wao. Na sisi tuna haki ya kusema ni wetu.

Mkuki uliofundisha Wazungu

Zamani, hata wenye elimu kule Ulaya hawakujua ndege wanaenda wapi. Wengine waliamini mbayuwayu wanajificha katika matope chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, korongo mmoja alipatikana akiwa na mkuki wa urefu wa karibu sentimita 80 umepenya shingoni mwake. Mti wa mkuki ulikuwa wa Afrika ya Kati. Ndege huyo alikuwa amepigwa upande wetu, hakufa, akaruka mpaka kwake. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Muwindaji mmoja wa Afrika, ambaye jina lake halikuandikwa popote, ndiye alitoa ushahidi ambao watu wa Ulaya walikuwa wanautafuta.

Baadaye ilipatikana njia ya kujua bila mkuki. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Danemark, Hans Christian Mortensen, alianza kuvalisha ndege pete nyepesi za alumini zenye nambari na anwani. Kazi hiyo inaendelea mpaka leo.

Pete mguuni si alama ya mpelelezi

Hapa ndipo jambo linakuwa la maana kubwa kwa majimbo yetu. Katika eneo la vita, chombo chochote kisichojulikana kinaleta woga. Mtoto akiokota ndege mwenye pete yenye maandishi ya kigeni, ao mwenye kasanduku kadogo mgongoni, wengine watasema ni uchawi, wengine watasema ni jicho la adui.

Haikuanza kwetu. Mwaka 2013, huko Qena, Misri, mwanaume mmoja alikamata korongo mwenye chombo mgongoni na kumpeleka kwa polisi, akifikiri ni mpelelezi. Waganga wa mifugo walichunguza na kuona ni chombo cha watafiti wanaofuata njia za ndege. Korongo huyo alipewa jina Menes, akaachiliwa. Baada ya muda mufupi alikamatwa tena na watu wengine, wakamla.

Ukweli ni huu. Pete ni kipande cha madini, haina kamera wala sauti. Kile kichombo cha mgongoni kinaonyesha tu mahali ndege alipo. Ukimuona ndege wa namna hiyo, fanya hivi:

Akiwa muzima, usimvue pete. Soma nambari na herufi zote, ziandike ao piga picha, kisha umuachilie.

Akiwa amekufa, usimshike na mikono mitupu. Andika nambari, mahali na tarehe. Mara nyingi pete ina jina la muji, kama vile Paris ao Radolfzell. Peleka habari hiyo kwa walinzi wa ICCN ao kwa chuo kikuu kilicho karibu. Wao wanaweza kuifikisha kwa wenye pete, na wewe unaweza kupata jibu la kukuambia ndege huyo alivalishwa pete wapi na lini.

Na magonjwa?

Wazazi wana haki ya kuuliza. Mwanzoni mwa 2017, Uganda ilipata ndege wengi waliokufa kando ya Ziwa Victoria, na homa ya ndege ilithibitishwa. Mwaka huohuo ugonjwa huo uliua kuku na bata katika Ituri, kando ya Ziwa Albert. Ndege wanaosafiri wanaweza kubeba virusi, na biashara ya kuku nayo inaweza kuvisambaza. Dawa si kuua ndege wa porini. Ukiona ndege wengi wamekufa mahali pamoja, usiwale, usiwalishe mbwa, zuia watoto na kuku wasikaribie, na uambie haraka muganga wa mifugo ao chefu wa kijiji.

Kwetu tunaweza kufanya nini?

Mashariki ya Congo ni mahali pa maana katika safari hii. Parc ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ina zaidi ya aina 700 za ndege, na tangu 1996 imeandikwa kati ya maeneo ya maji yenye umuhimu kwa dunia nzima. Lakini ndege hapumziki ndani ya parc tu. Anapumzika pia katika bwawa la kijiji, katika mufinyanzi wa kando ya mto, katika shamba. Bwawa likikaushwa lote, anakosa kituo. Dawa ya kuua viwavi ikitupwa bila kipimo, mbayuwayu anakosa wadudu, na korongo, anayekula panzi na viwavi bila kumlipisha mkulima franka hata moja, anakula sumu.

Ili kushiriki siku hii hakuna lazima ya darubini. Mwalimu, wanafunzi kumi, daftari moja na saa mbili za asubuhi vinatosha. Hesabuni mbayuwayu kwenye nyaya, andikeni tarehe ya kwanza mlipowaona na tarehe ya mwisho. Mukifanya hivyo miaka mitano, kijiji chenu kitakuwa na habari zenye thamani kwa watafiti. Lakini jambo moja lisisahauliwe: kwa sababu ya usalama, mutu anayezunguka na darubini na karatasi anaweza kushukiwa. Mbele ya kutoka, pasha habari chefu, viongozi wa eneo na wazazi, na mubaki mahali munapojulikana. Ikiwa hali si nzuri, hesabieni hata katika kiwanja cha masomo.

Sikukuu ya mwezi wa tano ni ya wale wa kaskazini, kwa sababu wakati huo wao ndio wanapokea. Katika mwezi wa tisa na wa kumi, mbayuwayu wataanza kuonekana tena kwenye nyaya zetu pamoja na watoto waliozaliwa mwaka huo, ambao hawajawahi kuiona Congo. Siku ya posho ya pili ya mwezi wa kumi itakuwa zamu yetu ya kuwapokea.