Sahihi Kitakoni mwa Chungu

Chombo cha udongo chenye jina la mfinyanzi mashuhuri huweza kuuzwa kwa bei kubwa mno. Kwa sababu hiyo majina huigwa. Anayekichunguza chombo cha namna hiyo hana budi kulichukulia jina kuwa dai tu. Ushahidi hutafutwa katika umbo, moto na udongo.

Mfano ni kazi za Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuhamia Uingereza mwaka 1971. Miaka ya 1974 na 1975 alijifunza katika kituo cha ufinyanzi cha Abuja nchini Nigeria, mji ambao sasa huitwa Suleja. Chini ya vyombo vyake huchonga jina na mwaka. Huvijenga kwa mikono bila gurudumu. Kwa hiyo ndani yake haitarajiwi mistari ya duara iachwayo na vidole udongo unapozungushwa. Tena vyombo vilivyompa sifa havina glezi, yaani utando wa kioo. Hung'aa kwa kusuguliwa.

Rangi nayo ina kanuni yake. Penye oksijeni ya kutosha, chuma kilichomo katika udongo huwa chekundu. Oksijeni ikipungua na moshi ukizidi, chuma hubadilika, kaboni hupenya, na chombo huwa cheusi. Weusi wa rangi ya kupaka aghalabu hujionyesha penye mkwaruzo wa zamani.

Udongo hueleza asili ya chombo. Moshono, karibu na mji wa Arusha, iko chini ya Mlima Meru, volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Miamba ya mlima huo ina feldspa na punje nyeusi za piroksini, na kwatsi ni adimu. Miamba ya Upare ni ya kale zaidi, iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, nayo ina kwatsi kwa wingi. Kigae kikitazamwa kwa kioo cha kukuzia, punje hizo huanza kutofautishwa. Hata hivyo tahadhari yahitajika, kwani wafinyanzi wengine huchanganya udongo na mchanga wa kwingine.

Uhalisi ukithibitika, ndipo thamani hukadiriwa: ukubwa na uzuri wa kazi, nyufa, hati za mauzo ya awali. Gundi ya matengenezo yaliyofichwa mara nyingi hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno.

Lakini wanawake wa Upare waliofinyanga vyungu kwa vizazi vingi hawakuwa na desturi ya kuandika majina. Chungu chao kikiondoka nyumbani bila maelezo, jina la aliyekifinyanga hupotea, wala hakuna kipimo cha maabara kitakacholirudisha. Shule ikusanyapo vyombo, basi, na iandike papo hapo jina la mfinyanzi, kijiji, mahali udongo ulipochimbwa na mwaka. Karatasi hiyo ndiyo sahihi ya chombo kisicho na sahihi.