Macho yako na gari linalokuja

Kama umekulia Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, umezoea magari yanayopita kushoto. Uingereza ni vilevile. Lakini Marekani na Oman yanapita kulia, na ukitaka kuvuka barabara gari la kwanza linatokea kushoto kwako, upande ambao mazoea hayakutumi kuutazama.

Sasa jicho linalifuataje gari? Nyosha mkono mbele, utazame kucha ya dole gumba. Eneo ambalo jicho linaona kwa ukali ni kama upana wa kucha hiyo tu. Kwingine kote ni ukungu, ila ubongo hautuambii. Kwa hiyo kitu kikisogea, lazima jicho nalo lisogee, na lina misuli 6 kwa kazi hiyo.

Mwendo wa kwanza ni wa kuruka. Ubongo unachukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde kuuandaa, lakini ukishaanza unaweza kupita nyuzi 500 kwa sekunde. Wa pili ni wa kuteleza: jicho linakwenda sambamba na kitu. Huu haufanyiki kwa kutaka tu. Jaribu kutelezesha macho kwenye ukuta mtupu, yatarukaruka.

Gari likitokea, jicho linaruka kulidaka, kisha linateleza nalo. Gari likilizidi kasi, jicho linaruka kidogo kufidia, linateleza tena. Wewe huhisi chochote.

Hatari iko hapa: jicho linaporuka, ubongo unapunguza kuona. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako moja halafu la pili. Hutayaona yakisogea hata kidogo! Basi anayezungusha macho haraka huku na huku anaweza kuikosa pikipiki nzima. Tuliza macho kidogo kila upande, kisha rudia ule linakotokea gari la kwanza. Gari la kilomita 50 kwa saa limeshakwenda karibu mita 3 kabla jicho halijaanza kuruka.

Pombe, na baadhi ya dawa za usingizi na za kifafa, huharibu ule mwendo wa kuteleza. Ndiyo maana polisi wa Marekani humwambia dereva afuate kalamu kwa macho. (Dawa ya kifafa usiiache mwenyewe, zungumza na daktari wako.) Ukianza ghafla kuona vitu viwili viwili, au macho kuchezacheza pamoja na kizunguzungu, inaweza kuwa kiharusi. Usilale ukisubiri kupambazuke: piga 999 Uingereza, 911 Marekani.