Kuezeka na Kuezua: Matayarisho ya Paa kabla ya Dhoruba za Septemba huko Kabambare

1. Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi viwili vilivyotokana na mzizi mmoja: kuezeka, yaani kutia paa juu ya nyumba, na kuezua, yaani kuliondoa. Kitenzi cha pili hutengua tendo la kwanza, kama ilivyo katika funika na funua, au anika na anua. Mwenye nyumba huweza kuezua kwa hiari yake, ili abadili nyasi zilizooza. Hata hivyo, mara nyingi anayeezua ni upepo. Makala hii inakusudia kueleza namna upepo unavyotengua kazi ya fundi, na mambo yapasayo kufanywa wakati wa kiangazi huko Kabambare, kusini mwa Maniema.

2. Majira

Kabambare iko kati ya nyuzi 4 na 5 kusini mwa ikweta, mahali ambapo msitu na mbuga hukutana. Kiangazi huwa takriban kuanzia Juni hadi Agosti, na mvua hurejea Septemba. Dhoruba kubwa za bonde la Kongo kwa kawaida husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi, na upepo mkali hutangulia mvua yenyewe. Ukali wa dhoruba hizo umepimwa. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kampene, iliyomo katika Maniema hiyohiyo, katika nafasi ya tatu duniani kwa wingi wa radi: zaidi ya mimweko 170 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka.

3. Namna upepo unavyoezua

Wengi hudhani kwamba upepo huangusha paa kwa kulisukuma kutoka ubavuni. Ukweli ni kwamba, upepo upitapo juu ya paa huongeza mwendo, na kani ya hewa hapo juu hupungua. Hivyo paa hunyonywa kuelekea juu, hasa kwenye pembe, kingo na mgongo wake. Wakati huohuo, upepo uingiao kwa mlango ulioachwa wazi, au ule unaonaswa chini ya upenu mrefu, huliinua kutoka chini. Kwa sababu hiyo mawe yanayowekwa juu ya mabati si kinga ya kutegemewa: upepo ukishinda, mawe nayo huanguka juu ya watu.

Kinga ya kweli imo katika vifungo. Nyasi au bati hushikwa na pau. Pau hushikwa na makombamoyo, yaani miti mirefu ishukayo kutoka mgongoni mwa paa. Makombamoyo hushikwa na mwamba, mti uliolazwa juu ya ukuta. Na mwamba hushikwa na nguzo zilizochimbiwa ardhini. Kifungo kimoja kikikatika, vilivyo juu yake vyote huondoka pamoja, hata kama vilikazwa vizuri.

4. Kazi ya kiangazi

Kazi ya kwanza ni ukaguzi. Mwenye nyumba husimama ndani wakati wa adhuhuri, milango ikiwa imefungwa, na kutazama juu: kila penye nukta ya mwanga ndipo patakapovuja. Kisha huchoma kisu miguuni mwa nguzo. Kisu kikizama bila taabu, mchwa wamekwisha kula mti, na nguzo hiyo haina budi kubadilishwa. Mwisho hutikisa kila kombamoyo kwa mkono, na penye kulegea hufunga upya.

Kwa paa la nyasi, ukataji haufai kucheleweshwa, kwa maana moto wa mbuga hauchagui nyasi za kuezekea. Nyasi zikishakauka hupangwa kuanzia upenuni kwenda juu, ili kila safu ifunike vifungo vya safu iliyo chini yake, na mgongo humalizwa mwisho kwa tabaka nene zaidi. Mwinamo wa paa hilo usipungue nyuzi 45, la sivyo maji hukawia na nyasi huoza.

Kwa paa la mabati, ambayo katika Kiswahili cha Kongo huitwa manjanja, misumari hupigwa juu ya tuta la bati, wala si bondeni ambamo maji hupita. Msumari uliolegea haufai kurudishwa katika tundu lilelile. Hupigwa mwingine kando, na tundu la zamani huzibwa. Pale bati moja linapolalia jingine, ukingo wa juu uupe mgongo upande ambao dhoruba hutoka. Makombamoyo yafungwe kwenye mwamba kwa waya uliosokotwa, kwani msumari peke yake hung'oka. Baraza nayo ifaa iwe na paa lake mbali, ili ikiezuliwa isiivute nyumba nzima.

5. Hitimisho

Hasara ya paa katika Septemba haiishii kwenye gharama ya nyasi au manjanja. Huo ndio wakati ambapo mbegu za mpunga, mahindi na karanga zimehifadhiwa ndani zikingoja kupandwa. Mbegu zikilowa, hasara ya usiku mmoja huwa njaa ya msimu mzima. Wanaoathirika zaidi ni jamaa waliokimbia vita, ambavyo vimeisumbua nchi hii mara kwa mara tangu mwaka 1996, kisha wakarejea vijijini nyasi zikiwa zimekwisha kuungua.

Kwa wanafunzi wa lugha hapa pana wajibu. Kiswahili kilifika Kabambare katika karne ya 19, kwa misafara iliyotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe, nacho kimejijengea huko msamiati wake. Mshauri anayetaja "kombamoyo" na "mwamba" kama zilivyo katika kamusi hana budi kwanza kuuliza fundi wa mahali huita miti hiyo kwa majina gani, na kuyaandika. Shauri la kukaza kifungo halifai kitu ikiwa msikilizaji hajui ni kifungo kipi.