Usifunge pampu ya kitalu moja kwa moja kwenye bodi

MKULIMA anayeotesha miche ya nyanya au kabichi, awe Mgeta kwenye miteremko ya Uluguru au mjini Morogoro, anajua kuwa kitalu kikikosa maji katika jua la Septemba, fedha ya mbegu bora imepotea. Tatizo ni kwamba mwenye kitalu huyo huyo anatakiwa pia sokoni.

Bodi ndogo ya kielektroniki kama Arduino, iliyobuniwa Ivrea nchini Italia mwaka 2005, inaweza kumshikia zamu. Kihisi hupima unyevu wa udongo, programu huamua, na pampu ndogo huvuta maji kutoka kwenye pipa.

Hata hivyo, mitambo mingi ya aina hii huharibikia kwenye waya wa mwisho, ule unaokwenda kwenye pampu. Pini ya maikrokontrola ATmega328P, iliyomo kwenye Arduino Uno, isizidishwe miliampea 40, na kwa kazi ya kila siku 20 zinatosha. Pampu ndogo ya volti 5 huvuta miliampea 200 hivi, na inapoanza kuzunguka au ikikwama kwa tope huvuta mara kadhaa ya hapo. Anayeiunganisha moja kwa moja anahatarisha bodi nzima kwa kuokoa bei ya transista, ambayo ni sehemu ndogo sana ya bei ya bodi. Hesabu hiyo haina faida hata kidogo.

Watu wa Mgeta wanaielewa kanuni hii kupitia mifereji yao. Mtoto akiondoa udongo uliozibia mfereji, maji huingia shambani, lakini si yeye aliyeyabeba. Pini ni mtoto huyo, transista ni mlango wa mfereji, na betri ndiyo chanzo cha maji.

Kwa pampu hiyo ndogo, transista 2N2222 inafaa. Rezista ya ohmu 330 hukaa kati ya pini na besi, na mkondo hubaki miliampea 13 hivi. Emita huungwa kwenye hasi, na kolekta hupokea waya hasi wa pampu. Waya chanya wa pampu huenda kwenye betri yake. Hasi ya betri na hasi ya bodi lazima ziunganishwe. Zisipounganishwa pampu hukaa kimya, na fundi atashinda akirekebisha programu isiyo na kosa.

Dayodi nayo isisahaulike. Aliyewahi kufunga ghafla bomba la maji ya mserereko amesikia kishindo chake. Koili ya mota ikikatiwa umeme hufanya vivyo hivyo, na kishindo hicho cha volti huua transista. Dayodi 1N4007 hufungwa sambamba na mota, mstari wake ukielekea chanya.

Pampu ya volti 12 huhitaji transista kubwa zaidi, kama IRLZ44N. Mnunuzi asikubali IRF520 badala yake, kwani hiyo haifunguki sawasawa kwa volti 5.

Milimani, ambako maji hushuka yenyewe, koki ya umeme inaweza kuchukua nafasi ya pampu. Nayo ina koili, hivyo dayodi inahitajika. Koki nyingi za bei nafuu hutaka msukumo wa megapaskali 0.02, sawa na tanki lililoinuliwa mita 2 juu yake. Kwa mjini, mwenye pipa lililokaa chini atalazimika kubaki na pampu.